Kizibo cha Juu Kwanza

Kosa lenyewe lilichukua dakika mbili, kulirekebisha kukachukua siku nne.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Nimejifunga leso kiunoni, nimelala chali juu ya gunia chini ya pikapu yetu, uani kwetu Sofia hapa Busia, upande wa Uganda, na moyoni nina raha zangu kwa sababu kizibo cha chini cha difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, kilikuwa kimelegea kwa mvuto mmoja tu wa spana. Oili ikatiririka ndani ya beseni. Nikaiacha ishuke mpaka ikabaki tone, kimya, tone. Nikafuta kizibo, nikakirudisha mahali pake, nikakikaza. Ndipo nikajisogeza kidogo na kuweka spana kwenye kizibo cha juu, kile cha kujazia. Nikavuta. Hakikutikisika. Nikakanyaga tairi kwa mguu mmoja, nikavuta tena kwa mikono miwili. Spana ikachomoka, kiganja kikaenda kugonga bampa, nikabaki nakikodolea macho kile chuma cheusi kilichotulia pale kana kwamba hakuna aliyekigusa.

Anayejua magari ameshaona nilipokosea. Difu ilikuwa kavu na mimi sina pa kuijazia. Ningeanza na cha juu, kikakataa, ningejifuta mikono, nikanywa chai, Jumatatu nikaendelea na safari zangu kwa oili ileile ya zamani huku nikitafuta ufundi wa kukifungua. Oili mbovu ni afadhali kuliko hakuna oili. Lakini difu kavu haiendi popote. Meno yale ya gia yanasuguana kwa kuteleza, si kwa kubingirika tu, na bila mafuta yanapata moto na kulana kabla hujafika hata Bugiri. Kwa hiyo gari likawa pambo la uani, na dagaa wa watu walikuwa wananisubiri Majanji, kwenye Ziwa Victoria.

Nieleze kidogo kuhusu hiyo kazi, maana ndiyo iliyoleta haya yote. Tunanunua dagaa kule ziwani, wale ambao Kampala wanaitwa mukene na ng'ambo ya mpaka wanaitwa omena, tunawaleta Busia kwa pikapu, Hilux ya dizeli iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika, miaka mingi kabla ya ile sheria ya 2018 iliyozuia kuingiza Uganda magari yenye zaidi ya miaka 15. Leo isingeingia, imezeeka. Ila inabeba.

Sasa dereva wetu kijana ana tabia moja. Akifika mwaloni anarudisha gari kinyumenyume mpaka maji yanafika kwenye ekseli, ili wabebaji wasitembee hatua nyingi na magunia. Wabebaji wanampenda sana. Difu haimpendi hata kidogo. Imetoka safari ndefu, chuma kimechemka, hewa ya ndani imetanuka na nyingine imetoka kupitia kipumulio kidogo kilicho juu ya ekseli. Ukiizamisha ghafla kwenye maji ya baridi, ile hewa iliyobaki inasinyaa, na difu inavuta pumzi. Kama kipumulio kimezibwa na tope, inavuta kupitia kwenye sili, zile pete za mpira za kuzuia oili isivuje, na kinachoingia ni ziwa. Ndiyo maana oili iliyojaa beseni Jumapili ile haikuwa nyeusi. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nilipoiona rangi hiyo nilijipongeza kwamba nimeimwaga kwa wakati. Halafu ndiyo nikapanda juu.

Shemeji yangu aliamka kama saa tano, akanikuta nimekaa chini nimeegemea gurudumu. Akauliza, "Shemeji, kimekushinda?" Ukimwambia mwanaume kitu kimekushinda, lazima aende kutafuta paipu. Akaleta paipu ya mita moja hivi, akaichomeka kwenye mkono wa spana, akaning'inia. Hapa niseme ukweli: spana yangu ya ringi namba 24 ilikuwa ya kona kumi na mbili, na sikuwa nimesafisha kichwa cha kizibo. Kilikuwa na tope kavu na magamba ya kutu, kwa hiyo spana haikukaa mpaka chini, ilishika ncha tu za kona. Ikalia krr, ikateleza, na ilipotoka ilikuwa imekula kona zote sita. Shemeji hakukata tamaa. Akaenda kuazima ile spana ya mafundi wa mabomba yenye meno. Hiyo nayo ikatafuna kilichobaki. Kufikia saa saba mchana kile kichwa kilikuwa mviringo, kinang'aa kama kisigino kilichosuguliwa.

Hesabu ya paipu nimeipiga baadaye, na nadhani kila mwenye paipu uani kwake aijue. Kizibo cha difu ya Hilux kama yetu hukazwa kwa nyutoni mita 49, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Kwa spana ya urefu wa sentimita 30, huo ni mvuto wa kilo kama 17 hivi, yaani mkono wa kawaida wa mtu asiye na hasira. Mtu wa kilo 70 akining'inia kwenye ncha ya paipu ya mita moja anatoa karibu nyutoni mita 700. Hiyo ni mara 14. Kwa nguvu kiasi hicho ama kizibo kitafunguka, ama kona zitaliwa, ama kitakatika shingo na kukuachia uzi wake, ile mikunjo ya kuzungushia, ndani ya tundu. Paipu haikuulizi unataka lipi.

Jumapili jioni nikaenda kumwita Afande.

Afande ni jirani yetu, mzee aliyestaafu, aliyekuwa fundi wa malori jeshini kwa miaka mingi. Watu wote mtaani wanamwita hivyo, hata watoto. Kiswahili chake ni kile cha kambini, kisicho na subira na sarufi, na sauti yake haijawahi kujua kunong'ona. Alikuja na kigoda chake mwenyewe. Akainama, akatazama kizibo, akatazama beseni, akanitazama mimi.

"Binti, nani alikuambia kuanza chini?"

Nikasema hakuna aliyeniambia.

"Ndiyo. Hakuna." Akakaa.

Hakugusa spana siku ile. Alichofanya ni kuomba tochi na kisu kidogo, akakwangua taratibu pembeni ya kizibo, mahali kinapokutana na nyumba ya difu, yaani kasha lake la chuma. Kisha akaniita nitazame. Pale pembeni, chini ya tope, kulikuwa na rangi nyeusi ya kiwandani, nene kidogo, imeshika kizibo na nyumba pamoja bila ufa. Aliizungusha tochi polepole ili nione mzunguko wote. Hakuna mahali ilipokatika.

"Hii hapana fungua tangu Japani," akasema.

Ilibidi nikae kwanza. Ndani ya nyumba, kwenye daftari langu la hesabu za dagaa, kuna risiti mbili za gereji moja ambayo sitaitaja. Zote mbili zimeandikwa "oili ya difu, nyuma", pamoja na gharama ya ufundi. Nililipa mara mbili. Na pale beseni, nikiangalia vizuri, kulikuwa na magamba madogo ya rangi nyeusi yakielea juu ya ile chai ya maziwa. Yalitoka kwenye kizibo cha chini nilipokifungua asubuhi. Kwa hiyo hata hicho nilikuwa wa kwanza kukigusa. Kilinilegea kwa wepesi kwa sababu kinakaa ndani ya oili na kilikuwa kinavuja kidogo kidogo, oili ikilainisha uzi wake miaka yote hiyo. Cha juu kiko juu ya usawa wa oili, kinapigwa tope na maji ya ziwa kwa nje na ndani hakina cha kukilinda.

Afande alimtetea yule fundi. Alisema kijana yule alijaribu kuvuta mara moja, kikakataa, akaogopa kuharibu gari la mtu, akaona aibu kusema. Kwamba mafundi wengi wanaogopa vizibo vya kujazia kuliko wanavyoogopa injini. Mimi sikukubali wala sijakubali mpaka leo. Aibu ya kusema "kimenishinda" naielewa, mimi mwenyewe nilikuwa nayo siku hiyo. Lakini aliyeona aibu kusema hakuona aibu kupokea hela, na oili ya lita mbili na ushei aliyoniandikia sijui iliingia kwenye difu ya nani.

Tangu siku hiyo nikitoka gereji yoyote naingia chini na tochi. Ni hilo tu, sihitaji kuelewa gari. Kizibo kilichofunguliwa kina alama: rangi imekatika pembeni, kona zinang'aa palipopita spana, kuna unyevu wa oili mpya au washa mpya, ile pete ya kuzibia. Kilichoandikwa kwenye risiti tu kina vumbi.

Jumatatu asubuhi ndipo kazi ilipoanza, na ilianza kwa kutofungua chochote. Afande alipiga brashi ya waya mpaka chuma kikawa cheupe, akamalizia kukwangua ile rangi ya pembeni yote. Alisema rangi ni gundi, na tena inazuia mafuta yasipenye. Kisha akachukua kipande cha nondo, akakisimamisha katikati ya kichwa cha kizibo, akanipa nyundo.

"Hapana piga kama unaua nyoka. Gonga kama unagonga mlango kwa wakwe."

Nikagonga. Mara kumi, ishirini, thelathini, moja kwa moja kuelekea ndani, si kwa pembeni. Mwanzoni nilidhani ananipa kazi ya kunituliza hasira. Lakini sababu ipo. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo ikijaa kati ya nyuzi inakaza kama kabari. Kuvuta tu kunaibana zaidi. Mtikisiko wa nyundo unaipasua vipande vidogo, na kwenye nyufa hizo ndimo mafuta yanapita.

Mafuta gani, sasa. Mimi nilikuwa nimenunua kopo la WD-40, nikalitoa kwa fahari. Afande akalitazama kama mtu aliyeletewa soda badala ya dawa. Nilikuja kusoma baadaye kwamba hakukosea sana. Mchanganyiko huo ulibuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kwa ajili ya kusukuma maji yatoke juu ya chuma na kuzuia kutu, na hiyo 40 ni namba ya jaribio lililofaulu. Kupenya kwenye uzi uliogandishwa na kutu haikuwa kazi yake ya kwanza, na kampuni yenyewe siku hizi inatengeneza kopo jingine mahususi kwa kazi hiyo. Afande alitumia dizeli kwenye kijiko, akaipaka kuzunguka kizibo, akasubiri, akapaka tena, akaniambia nigonge, akapaka tena. Mpaka usiku. Nikiulizwa kipi bora kati ya kopo na dizeli nitasema bora ni usiku. Chochote utakachopaka, kiache kilale.

Jumanne ilikuwa siku mbaya, nitaipita haraka. Shemeji alipanda boda kwenda kutafuta soketi ya kona sita. (Kwa wasiojua, boda boda ni mali yetu watu wa Busia. Neno lenyewe lilizaliwa hapa miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kati ya kituo cha mpaka cha Uganda na cha Kenya, waendeshaji wakiita abiria, boda, boda. Kampala waliazima tu.) Akarudi na soketi namba 23, ndogo kwa namba moja, kwa makusudi, na Afande akaigongelea kwa nyundo juu ya kile kichwa kilicholiwa mpaka ikashika. Ikavutwa, ikateleza. Tukajaribu tindo: unachonga mfereji kwenye ukingo wa kichwa, halafu unaelekeza tindo upande wa kufungulia na kugonga. Mara nyingi hii inatosha. Safari hii mfereji ulifika karibu nusu ya kichwa na kizibo kimekaa vilevile.

Kuhusu upande wa kufungulia nitasimama kidogo, kwa sababu nimeona watu wazima wakikaza kwa saa nzima wakidhani wanafungua. Kizibo kikikutazama usoni, kufungua ni kinyume cha saa, basi. Shida ni vile vya chini ya gari. Ukiwa umelala chali unakitazama kwa chini, ni kinyume cha saa vilevile. Ukiwa umechuchumaa pembeni umepenyeza mkono na unakiwaza kwa kutokea juu, kila kitu kimegeuka. Mimi hubeba chupa ya soda yenye kifuniko cha kuzungusha. Naiweka kama kizibo kilivyokaa, mdomo unakoelekea kichwa cha kizibo, nafungua kifuniko, natazama mkono wangu ulikoenda. Wanangu wananicheka. Wacheke.

Jioni ya Jumanne Afande akasema sasa ni moto. Tukamwita fundi wa kuchomelea, akaja na mashine yake, akaichomeka, na umeme ukakatika. Akaenda nyumbani. Tukala ugali kwa mwanga wa mshumaa, na simu ya mteja wa dagaa ikalia mara tatu.

Jumatano saa tatu asubuhi umeme ukawepo. Kabla mashine haijawashwa Afande alifanya mambo ambayo ningependa kila anayesoma hapa ayakumbuke kuliko mengine yote. Alinifanya nifungue tena kizibo cha chini nikitoe kabisa, ili mvuke wa oili upate pa kutokea, usije ukafungiwa ndani na moto nje. Alitoa waya za betri. Alifunga kitambaa kilicholoweshwa maji kwenye mpira wa breki unaoshuka kwenye ekseli, akaweka gunia bichi upande wa tangi. Ndoo ya mchanga ikawekwa karibu. Na kile kibanio cha ethi cha mashine hakukiacha kikae kwenye chesi kama fundi alivyotaka, akakihamishia kwenye nyumba ya difu yenyewe, kiganja kimoja tu kutoka kwenye kizibo. Umeme wa kuchomelea unatafuta njia ya kurudi, na ukiuacha upite kwenye beringi utaziachia vidonda. Gari lilikuwa limekalia mawe mapana na magogo, magurudumu yamewekewa kabari, jeki ikiwa imeshatolewa. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake. Hilo nilikuwa najua kabla ya Afande, namshukuru Mungu, nisingekuwa naandika.

Fundi akachukua nati kubwa, akaiegesha juu ya kile kichwa kilichotafunwa, akachomelea kwa ndani ya tundu la nati mpaka ikajaa. Nati ikawa nyekundu kama embe bivu, kisha rangi ya kutu, kisha kijivu. Shemeji akashika spana. Afande akamzuia kwa mkono. Akatoa mfukoni kipande cha mshumaa, kilekile kilichotumulikia ugali wa jana, akakigusisha pembeni mwa kizibo. Nta ikayeyuka, ikasimama sekunde moja kama tone la machozi, halafu ikaingia ndani. Niliiona kwa macho yangu ikinyonywa, tone zima, pale ambapo kwa siku mbili dizeli ilikuwa inabaki nje. Akagusisha upande wa pili. Ikanyonywa tena.

"Sasa. Kaza kwanza."

Shemeji akashangaa. "Nikaze?"

"Kaza. Kidogo. Halafu rudi."

Akakaza kwa nywele moja. Akarudisha. Hakuna paipu safari hii, mkono mtupu. Ikatoka sauti ambayo siwezi kuiandika vizuri, kwii fupi, kama bawaba ya mlango wa kanisa, na ile nati ikasogea. Akakaza tena kidogo, akarudisha zaidi. Kaza, rudi, kaza, rudi, kila mara unga mwekundu ukidondoka. Kikatoka kizima na uzi wake wote, kirefu kama kifundo cha kidole gumba. Kitu kidogo hivyo.

Moto ulifanya kazi mbili. Ulitanua kizibo kikasukuma nyumba yake, kisha kilipopoa kikasinyaa, na kutu iliyokuwa imeshika pande zote mbili ikaachia. Kwa difu yetu ambayo ni chuma kwa chuma hilo ni rahisi. Kwa giaboksi nyingi za magari madogo nyumba ni ya alumini, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Pale unapasha nyumba kwa upole, si kizibo, na hupashi mpaka rangi ibadilike kwa sababu alumini haikuonyeshi wekundu, inayeyuka tu. Ndugu mmoja mwenye Subaru aliniambia kizibo chake cha difu hakina kichwa, kina tundu la mraba ambamo unaingiza ncha ya racheti yenyewe, ile ya nusu inchi. Kwa hivyo vya tundu, na vile vya aleni vyenye tundu la kona sita, kosa ni moja: watu hawatoi tope lililojaa ndani ya tundu. Ufunguo unaingia nusu, unakula ukingo, basi umeshaharibu. Msumari na dakika mbili za kukwangua zingetosha.

Kizibo kingine tulikipata siku hiyohiyo kwenye banda la vipuri, kimetolewa kwenye ekseli ya Hilux iliyokufa, pamoja na washa mpya laini. Hiyo washa watu wanaidharau sana. Inatakiwa ilale kidogo inapokazwa ili izibe, ikishalala mara moja haizibi vizuri mara ya pili, kisha mtu anaona inavuja, anachukua paipu. Ndivyo vizibo sugu vinavyotengenezwa. Nilisafisha uzi wa ndani kwa mswaki wa zamani, nikasuuza difu kwa oili kidogo ya kupitisha maji yaliyobaki, nikaimwaga, nikafunga cha chini.

Kujaza ni kazi ya mpira mwembamba na chupa iliyokatwa kitako. Oili ya difu ni ile nzito ya 90, yenye alama ya GL-5, na harufu yake ya yai viza ni ya salfa iliyowekwa makusudi kulinda meno ya gia. Usiitie kwenye giaboksi iliyoandikiwa GL-4 kwa sababu tu imebaki. Dawa hizo zinaweza kula shaba ya ndani. Gari likae sawa, si pua juu. Unajaza mpaka oili inafika kwenye mdomo wa tundu na kuanza kutiririka nje. Hakuna kipimo kingine.

Nikapaka gresi nyembamba kwenye uzi, nikaanza kukizungusha kwa vidole mpaka kikagota, ndipo nikachukua spana, fupi, nikavuta kwa mkono mmoja. Shemeji alikuwa amesimama na paipu yake. Nikamwambia airudishe alikoitoa.

Ile chai ya maziwa tulimpa mzee mmoja anayejenga uzio, akapaka nguzo zake mchwa wasizile. Dereva kijana bado anarudisha gari majini, ila sasa anasubiri kwanza difu ipoe, anakula chapati moja, halafu ndiyo. Na mimi kila miezi michache nafungua cha juu, natumbukiza kidole, natazama rangi, nafunga. Kinafunguka kwa mkono.

Wiki iliyopita, magharibi hivi, jirani mwenye Hiace alikuja mlangoni, mikono imejaa oili mpaka kwenye viwiko.

"Mama, nasikia una soketi ya 24 ya kona sita."

"Ninayo. Ya nini?"

"Difu. Kuna kizibo kimegoma."

"Kipi?"

Akatazama chini kidogo. "Cha juu."

"Na cha chini?"

"Hicho hakikunisumbua. Nimeshamwaga."

Nikaingia ndani kuchukua soketi na mshumaa, na nikamtuma mtoto akamwombe Afande kigoda chake.